Kiraka cha Baba Mdogo

Niliujua mshono wa baba mdogo kabla sijamaliza kufuta grisi. Kila fundi wa kuchomelea ana mwandiko wake, na wa kwake ni wa viduara vidogo vilivyolaliana, vimelingana kama nywele za mtoto aliyesukwa na mama asiye na haraka. Nilikuwa nimelala chali juu ya bodi ya lori, kwenye uwanja ulio nyuma ya kinu cha alizeti mjini Singida, tochi mdomoni, na juu ya pua yangu ulikuwa umekunjwa mkono wa kreni.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Wenye malori ya kreni wananiita nizikague mashine zao kabla hawajapewa kazi kwenye miradi. Ninapapasa vyuma, ninapima, ninachungulia, na nikimaliza ninaandika kwamba imepita au haijapita. Watu wakiniona na kofia ngumu na kitambulisho kifuani wanadhani nina mamlaka makubwa. Sina askari wala kufuli. Nguvu zangu zinaishia mwisho wa karatasi.

Kiraka kilikuwa na ukubwa wa kiganja, upande wa chini wa mkono, karibu na pale unapojikunja. Kimepakwa rangi ya njano juu kwa juu. Kwa macho ya mtu mwingine kilipendeza kuliko chuma chenyewe. Mimi moyo ulinishuka.

Opareta alikuwa amechuchumaa pembeni akinitazama, mwanamume wa rika langu, mpole, mwenye tabia ya kufuta mikono kwenye suruali hata ikiwa safi.

"Madamu, hapo si pameshazibwa?"

"Kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja wa Misigiri. Yule ni fundi hasa. Bosi alimharakisha, mzee akamjibu akitaka haraka apeleke kwingine."

Nikasema ninamjua, nikaishia hapo.

Nilikwangua rangi, nikapuliza dawa nyekundu, nikaifuta, kisha nikapaka ile nyeupe inayokauka kama chokaa. Dawa nyekundu hujificha ndani ya ufa, nyeupe huivuta itoke. Tukangoja, upepo ukitupulizia makapi ya alizeti usoni. Ukajitokeza mstari mwekundu, mwembamba, pembeni kabisa mwa mshono, urefu wa kidole. Opareta akaugusa, halafu akakitazama kidole chake muda mrefu.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wote, na kama ambavyo wote hawanielewi. Chuma cha mkono wa kreni si chuma cha plau wala cha tela. Ni chembamba na kigumu, kimepikwa kiwandani kwa kipimo chake. Ukikichomelea kienyeji, hata uchomelee vizuri namna gani, moto unakiharibu pale pembeni mwa mshono, na ufa uliouziba unazaliwa upya hapo jirani. Baba mdogo alikuwa ameshona vizuri sana. Ubaya ulikuwa kushona kwenyewe.

"Ukiinua mzigo unasimama wapi?" nikamuuliza.

"Hapo kwenye leva za kuendeshea. Chini ya mkono."

Nikaandika haijapita, nikabandika stika nyekundu, nikamwambia asiinue tena kitu na mashine ile. Akaniuliza yeye atamwambiaje bosi. Lilikuwa swali la haki. Nikamwambia basi, ikimlazimu, atumie leva za upande wa pili, asiupitishe mkono juu ya mtu yeyote, na watu wote wakae mbali kuliko urefu wa ule mkono. Haikuwa kazi yangu kusema hivyo. Mtu akishaikataa mashine hafundishi namna ya kuitumia. Lakini nilishamwona anavyokitazama kidole chake.

Baba mdogo ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Ndiye aliyenipa miwani ya kuchomelea wakati majirani wakimwambia anamharibu mtoto wa kike, hataolewa. Aliwajibu kwamba moto haujui msichana. Kila nilichokula kwa jasho langu tangu hapo kilianzia kwenye kibanda chake pale Misigiri. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilipanda basi nikaenda kumwambia mwenyewe, maana niliona aibu asikie kwa watu.

Nilimkuta anachomelea geti. Nikamsubiri amalize, nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, akavuta kigoda. Nyumbani kwetu tunaongea Kinyiramba. Nikamweleza kwa Kinyiramba, macho chini, polepole, nikizungukazunguka sana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipojibu alijibu kwa Kiswahili, kama anavyojibu watu wa serikali.

"Umekuja kunikagua mimi?"

"Hapana, baba. Ni kile chuma. Hakikubali moto."

"Kimeanguka?"

"Bado."

"Bado," akarudia. Akaivaa miwani yake, akarudi kwenye geti. Nilikaa pale kidogo nikitazama cheche, kisha nikaaga. Nilikuwa na maneno mengi, na vipimo, na picha kwenye simu. Sikuthubutu hata kuitoa simu mfukoni.

Wiki mbili hazikupita, lori likawa na stika ya kijani. Mwenye lori alikuwa ametafuta mkaguzi mwingine, nami simjui, wala sijui kama alipanda juu ya bodi au alikagua akiwa amekaa kwenye gari lake. Nilipiga simu kila nilikoweza. Niliandika barua. Nilijibiwa kwa upole kwamba nyaraka za mashine ziko sawa.

Kitu kimoja tu ndicho kilichobadilika, nacho sikukithamini wakati ule. Opareta alikuwa anaogopa. Nilisikia kwa watu wakimcheka: anaendesha akiwa upande wa pili, amenyoosha shingo kama anaonja uji wa moto, anafukuza kila mtu, hata kuku akipita anasimamisha kazi. Walimpachika jina la kumdhihaki. Aliwaacha wacheke, akaendelea kuwafukuza. Mara nyingine alinipigia simu kunieleza wanaenda wapi kuinua nini, nami namuuliza kama ule mstari umeongezeka, anasema anadhani umeongezeka.

Siku moja akanipigia akasema wanakwenda Issuna kupandisha tenki la maji la chuma juu ya mnara. Lilikuwa zito kuliko vyote walivyowahi kuinua tangu kiraka. Sauti yake haikuwa nzuri. Nilifika Issuna kabla lori halijashusha miguu yake ya kujiegemeza, nikaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kijiji, nikamwonyesha picha. Alikuwa kijana msikivu. Akatoka akasimamisha kazi.

Sasa fikiria. Kisima kimechimbwa, pampu imefungwa, bomba zimefukiwa, limebaki tenki tu. Akina mama wamekuja na ndoo na vigelegele, wengine na watoto mgongoni. Halafu anatokea mwanamke wa mjini na kofia, anasema hapana. Hawakunitukana. Walikaa chini wakanitazama, na ningependa zaidi wangenitukana. Nilitamani kuwaambia kwamba italetwa kreni nyingine wiki ijayo. Hakukuwa na kreni nyingine, nami nilijua, na mtendaji alijua.

Mwenye lori hakuja. Alifanya jambo la akili zaidi: alimpeleka baba mdogo.

Aliwasili mchana kwa gari la kukodi, amevaa koti lake la kwendea misibani. Nilimwamkia mbele ya watu wote. "Marahaba, mama," akasema, na akaniulizia watoto, na kazi, na afya yangu, kila kitu kwa utaratibu wake, kama tumekutana njiani. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alikwenda kwenye lori, akalizunguka, akaukuta mshono wake, akaupapasa kwa kidole gumba. Kisha akatembea mpaka chini ya mnara, pale mzigo utakapopita, akafunga vifungo vya koti, akasimama.

Wachomeleaji wa zamani walikuwa hivyo. Akikutengenezea ngazi anaipanda yeye kwanza, akikutengenezea tela analala chini yake wewe ukipakia. Ilikuwa namna yao ya kuandika imepita. Nami nilikuwa nimeisahau, au nilidhani imekufa pamoja na redio za mbao.

"Inua," akamwambia opareta.

Opareta akanitazama mimi. Kila mtu akanitazama mimi. Baba mdogo naye akageuka, akaninyooshea mkono, na safari hii aliongea Kinyiramba, taratibu, kama anamwita mtoto ale.

Njoo mwanangu, alisema. Usimame na baba yako.

Nimejiuliza mara nyingi ningeweza kufanya nini. Ningeweza kumshika nimtoe kwa nguvu, mzee wa koti, mbele ya kijiji kizima. Ningeweza kukaa mbali nilipo, na hiyo ingekuwa kumwambia hadharani kwamba mtoto aliyemlea hamwamini. Ningeweza kulala chini ya matairi. Yote hayo nimeyafikiria baadaye, nikiwa peke yangu, na baadhi yake ni ya kipuuzi. Siku ile miguu yangu ilikwenda yenyewe. Sikumwamini hata kidogo. Nilimheshimu tu, na mbele ya watu vitu hivyo viwili vinafanana kabisa.

Akanishika kiwiko. Injini ikanguruma, tenki likaachana na ardhi, upepo ukalikamata likaanza kuzunguka polepole juu ya vichwa vyetu. Niliangalia juu wakati wote. Nilikiona kiraka, nikauona mkono ukijipinda kidogo kama inavyopaswa, nikajaribu kuona pale pembeni mwa mshono, lakini jua lilikuwa machoni. Nilikuwa ninaogopa. Yeye alikuwa ametulia. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kile cha kwangu kilikuwa kimelowa.

Tenki likakaa juu ya mnara. Vigelegele vikapanda. Watu wakatupa mikono, wengine wakamkumbatia mzee, mwanamke mmoja akanipa mimi kuku.

"Umeona?" baba mdogo akaniuliza.

Alikuwa haniulizi kwa ujeuri. Alikuwa ananisamehe. Macho yake yalikuwa yanatafuta neno moja tu kwangu, na nililijua.

"Nimeona, baba."

Chuma kilichokwisha kuanza kupasuka hakitoi ushahidi kwa kushika mara moja. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua. Utakunja weee, kinashika, kinashika, halafu kinabaki vipande viwili mkononi. Mkunjo uliotangulia haukukwambia chochote. Hayo ningeweza kuyasema pale pale, bado vumbi halijatua. Badala yake nilisema nimeona, nikapokea kuku.

Baada ya hapo barua zangu zilipata jibu jipya. Mtendaji mwingine, wilaya nyingine: madamu, lakini si tumesikia ulisimama chini yake wewe mwenyewe? Mwenye lori anawaambia wateja wake hivyo hivyo, na hasemi uongo. Nimesimama chini yake mbele ya watu mia na zaidi. Hakuna stika ya kijani inayoishinda hiyo. Baba mdogo sasa ananipigia kila Jumapili. Tunaongea Kinyiramba, anacheka, ananitania kuhusu miwani yangu, na mimi ninafurahi, ninajichukia kwa kufurahi, halafu tunaagana.

Opareta ndiye aliyeacha kunipigia.

Nilimkuta mwezi uliopita karibu na Sekenke, wakiwashushia wachimbaji mashine ya kusagia mawe. Nilikuwa nimekwenda kwa kazi nyingine. Ilikuwa saa saba mchana, kile kipara cha mlima hakina mti. Mzigo walikuwa wameuacha ukining'inia, na yeye na wenzake wawili walikuwa wamekaa chini ya mkono wa kreni, kwenye ule ukanda mwembamba wa kivuli, wanakula ugali kwa mlenda.

Nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo mtu mzima haitwi. Wenzake wakaacha kula. Yeye hakukasirika, akaosha mkono, akaniambia niteremshe sauti.

"Ufa upo," nikamwambia. "Haukuondoka. Mimi nilisimama pale kwa sababu ya mzee tu. Nilikuwa ninaogopa kuliko wewe."

"Madamu," akasema, "mimi niliogopa miezi na miezi kwa sababu yako. Nilikuwa silali. Mke wangu alifikiri nina ugonjwa. Siku ile nilipokuona unaingia chini na mzee, nikalala usingizi. Sasa usinirudishe huko, nakuomba."

Aliniomba kweli, kwa macho. Karatasi yangu haikuwahi kuisimamisha ile mashine hata siku moja. Ilimpa woga tu, na woga ule ndio uliomweka upande wa pili wa lori, mbali na mzigo, na watu wote nyuma ya kamba. Ndicho kitu pekee ambacho kazi yangu yote iliwahi kumpatia. Nami nilimwondolea kwa hatua zangu chache, kwa sababu sikutaka kumwaibisha mzee.

Nilirudia maneno yale yale. Akanisikiliza kwa adabu mpaka nilipochoka. Kisha akasogea kidogo, akanifanyia nafasi kwenye kivuli, akanikaribisha ugali.