Mgongo wa Fundi Glenda

Glenda Boyko aliacha kazi ya kutengeneza nywele kwa sababu ya maneno. Yeye mwenyewe hakuwa msemaji. Yaliyomchosha ni maneno aliyolazimika kuyasikia. Alikuwa na saluni upande wa bandarini hapa Thunder Bay, Kanada, na kwa miaka mingi alisimama nyuma ya vichwa vya wanawake akisikiliza habari za waume, za mawifi, za vidonda vya tumbo na za mbwa waliokufa. Siku moja mteja alilia mpaka dawa ya nywele ikamwingia machoni, ikabidi alie upya kwa sababu ya dawa. Glenda alimsuuza, akamfuta, akamsindikiza mlangoni, kisha akafunga saluni na hakuifungua tena.

Akaenda chuoni kusomea ufundi wa gesi. Mimi ndiye niliyekuwa napokea simu kwenye duka tunalouza na kutengeneza meko ya gesi, yale ya kuota moto yanayojengewa ukutani sebuleni, na nilikuwepo siku bosi alipomuuliza kwa nini anaitaka kazi hiyo.

"Moto hauna mama mkwe," alijibu.

Bosi akacheka, akampa gari na sanduku la vifaa.

Kumbe hakuna kazi duniani inayovuta maneno ya watu kama hiyo. Fundi wa meko anafika, anavua mabuti mlangoni, anatoa kioo, anayapanga pembeni yale magogo ya bandia yanayokaa ndani ya moto bila kuungua, kisha analala kifudifudi na kuingiza kichwa ndani na tochi. Mwenye nyumba anabaki kuangalia mgongo na soksi. Na mtu akiwa na mgongo mbele yake, mgongo uliotulia, usioshangaa wala kukunja uso, aibu yote inamtoka. Mchungaji mmoja alimwambia Glenda kwamba kwaya ya kanisa lake inamuumiza kichwa na kwamba huwa anaomba wapatwe na mafua. Mwalimu mstaafu alimwambia anampenda jirani. Bibi mmoja alimsimulia wosia wake wote, na nani hatapata kitu.

"Kule saluni walikuwa wananionjesha," Glenda aliniambia. "Huku wananipakulia sufuria nzima."

Yeye alikuwa anajibu kutoka ndani kwa sauti ya kisimani: "Mmh." Au, "Usikisafishe kioo kikiwa cha moto." Au, "Hiyo dawa ya madirisha usiipulize hapa, inaharibu kioo." Wateja walibaki wakisema hawajawahi kukutana na mtu mwenye busara kama yule.

Sasa, kulikuwa na wazee wawili, Toivo na Aili Niskanen, Wafini wa huku huku, asili yao Finland. Binti yao Ritva, anayekaa Calgary, aliwanunulia meko kutoka kwetu walipotimiza miaka hamsini ya ndoa. Nilipokea oda mwenyewe. "Nataka waote moto pamoja, wazee wangu," Ritva alisema kwenye simu, na sauti yake ilitaka kulia. Tukawafungia meko kabla ya Krismasi, la aina nzuri, lenye dhamana kamili.

Januari, ziwa likiwa limeganda na baridi ya kugandisha vinyweleo vya pua, Aili akapiga simu.

"Mwanangu, moto umekufa."

Nikamtuma Glenda. Aili alimpokea kwa aproni na tabasamu, akamwonyesha meko kana kwamba Glenda hawezi kuliona, akasema, "Mimi naenda kuweka kahawa," akatoweka. Glenda akalala chini. Ule moto mdogo wa bluu, ambao unatakiwa kuwaka muda wote ili kuuwasha ule mkubwa, ulikuwa umezimika. Alipokuwa anasafisha tundu la huo moto mdogo akasikia kiti kinavutwa nyuma yake. Ni mzee Toivo.

Toivo alikuwa mkata miti maisha yake yote, na mtaa mzima ulimjua kwa kutosema. Majirani aliwasalimia kwa kuinua kidevu, na aliyeinuliwa kidevu mara mbili kwa wiki alijihesabu kuwa rafiki. Siku hiyo alikaa pale, nyuma ya soksi za Glenda. Halafu akaanza. Alianza na baridi, akaingia kwenye kambi za msituni alikoishi akiwa kijana, akafika kwa farasi aliyekuwa akivuta naye magogo, jina lake Poju, ambaye hakutembea hata hatua moja mpaka aimbiwe.

"Ulikuwa unamwimbia nini?" Glenda aliuliza, akajishangaa.

"Za kanisani. Hizi nyingine alikuwa hazipendi."

Glenda akawasha moto, ukawaka vizuri. Akamwambia Aili aondoe theluji kwenye bomba la nje, aijaribu kengele ya hewa ya sumu kila mwezi, akanywa kahawa, akaondoka.

Wiki iliyofuata: "Mwanangu, umekufa tena."

Safari hii Glenda alibadilisha kile kijiti kinachohisi joto, maana kikichoka moto unajizima wenyewe. Katika hadithi ya Toivo, Poju akazama kwenye barafu, akaokolewa. Wiki nyingine tena Aili akapiga. Glenda akapima msukumo wa gesi, akakagua bomba mpaka juu, akafungua kila kinachofunguliwa. Hakuona kosa. Moto ukawaka kama kawaida, na Toivo akasimulia mpishi wa kambi aliyechanganya chumvi na sukari kwa makusudi.

Kwa kuwa kila kitu kilikuwa kwenye dhamana, bosi ndiye aliyeumia. "Huyu Glenda," aliniuliza, "lile meko anatengeneza au anafuga?"

Maneno hayo yalimfikia Glenda, sikatai kwamba yalipitia kwangu. Yalimchoma. Alikuwa hajawahi kuitwa nyumba moja mara tatu. Akaja akaegemea meza yangu.

"Kuna kitu hakiniingii akilini. Kila nikifika, ile swichi ya kuzungusha kule chini iko kwenye kuzima. Moto ukifa wenyewe, swichi haijizungushi."

"Labda mama anaizima kwa woga."

"Nimemuuliza. Anasema hajui hata iliko."

"Basi ni mzee."

Akaniangalia. "Mzee? Mzee anapenda kukaa pale kuliko mtu yeyote."

Simu ilipokuja tena, Glenda alikwenda, akatoa kioo, akalala kifudifudi, na hakufanya chochote. Aliwasha tochi tu akasubiri. Aili akaenda kuweka kahawa. Kiti kikavutwa.

"Mzee Toivo," Glenda akasema kutoka ndani, "nani anazima huu moto?"

Jokofu la jikoni liliunguruma, likanyamaza.

"Mimi."

"Ah, mzee! Kwa nini?"

"Nimekata miti maisha yangu yote," Toivo akasema. "Gogo linatakiwa liishe. Unalitia, linaungua, linaisha, unatoka nje kuleta jingine. Hayo yenu yanawaka tangu Krismasi na hayajapungua hata ukucha. Ni kama kumwangalia mtu anakula hashibi."

"Ndiyo hilo tu?"

Kiti kikalia.

"Na Aili habanduki hapa. Zamani tulikuwa tunakaa jikoni, oveni tumeiacha wazi kidogo, miguu yote pale mbele. Sasa yeye yuko huku na televisheni, mimi niko kule na jokofu. Moto ukifa, anarudi jikoni."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unataka akae na wewe."

"Wewe nawe!" Toivo alishtuka kabisa. "Naanzaje? Sisi ni watu wa miaka hamsini ya ndoa."

Glenda akatoa kichwa. Alitaka kwenda jikoni, amwambie mama wa watu ukweli, aufunge huo mchezo. Hakufika jikoni. Aili alikuwa kwenye korido, amebana mgongo ukutani, ndara ameshika mkononi ili zisipige kelele. Birika lilikuwa halijawekwa hata maji.

"Mama!"

"Shh!" Aili akamvuta mkono. "Umemkatisha. Alikuwa anaendelea vizuri."

"Ulikuwa unasikia? Basi umeshajua kwamba anazima yeye."

"Nimejua tangu siku ya kwanza. Akipiga magoti, magoti yake yanalia kama mlango wa ghala. Hata kiziwi angejua."

"Sasa mimi unaniita ya nini?"

Aili akaziangalia ndara zake. "Kwa sababu ukilala pale, anaongea. Mimi ananiambia 'chumvi'. Ananiambia 'kesho theluji'. Huyo Poju nimemsikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama hapa hapa, na tuna wajukuu wakubwa. Nikamwacha azime. Nikasema, akizima nitamwita fundi, nisikie kilichompata farasi."

Glenda alinisimulia kwamba hapo damu ilimpanda. "Yaani mimi nimebadilisha vifaa vizima! Bosi ananiona sijui kazi! Kumbe mmenigeuza posta, huyu anatia barua, huyu anatoa!"

"Usipige kelele, atasikia."

"Nimeshasikia," akasema Toivo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule. Akamwangalia mkewe, akaziangalia ndara, akauangalia ukuta, na uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. "Kahawa iko wapi?" akauliza.

Basi yule mwanamke aliyekimbia saluni kwa sababu ya maneno akatoa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, tena akiwa amewakabili uso kwa uso. Mzee, mwambie mkeo ulichoniambia mimi. Mama, na wewe mwambie mumeo ulichoniambia mimi. Hii kazi haimo kwenye dhamana. Nitakunywa kahawa yangu, naenda zangu, na sitakanyaga hapa mpaka vuli, siku ya kusafisha meko ya kila mwaka.

Wakaingia jikoni wote watatu. Ilibidi Glenda aipike kahawa mwenyewe, akatafuta vikombe kabati kwa kabati, akakata mkate wa iliki. Wakala. Aliniambia kimya cha pale mezani kilikuwa kizito, angeweza kukipakia kwenye gari. Alikuwa keshasimama kutafuta mabuti yake, Aili akauliza, akiiangalia sahani:

"Huyo farasi alikufaje?"

Toivo akatafuna, akameza.

"Nani kasema alikufa? Walimstaafisha. Yeye akapewa malisho. Mimi nikapewa meko la gesi."

Aili akacheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, mpaka akaishika meza. Toivo akaonekana kama mtu aliyejikwaa kwenye kitu akakuta ni cha thamani. Glenda akavaa mabuti, akatoka bila kuaga.

Wiki zikapita bila simu. Bosi, kwa akili yake, akaamua kwamba Glenda amegundua hitilafu ambayo mafundi wengine wangeshindwa, akamsifu mbele ya duka zima na kumtaka awafundishe wenzake. Glenda akaninong'oneza, "Niwafundishe nini? Kupika kahawa?" Lakini sifa alizipokea.

Aili alipiga mara moja tu, karibu na Pasaka.

"Mwanangu, Glenda hawezi kupita kidogo?"

"Moto umekufa?"

"Moto sijui. Ni huyu mzee. Hanyamazi! Asubuhi, mchana, nikiosha vyombo. Ndiyo kwanza amefika kambi ya pili, hata hatujakutana bado. Mwambie Glenda aje apokee zamu, mimi nikalale."

Nikamwambia hiyo nayo haimo kwenye dhamana. Akacheka, akakata simu.

Vuli ilipofika, theluji ya kwanza ikiwa imeanza kuonekana kwenye paa za magari, Glenda akaenda kusafisha meko la kina Niskanen kama alivyoahidi. Swichi ilikuwa kwenye kuwasha. Moto haukuwepo. Vali ya gesi ilikuwa imejifunga yenyewe, kama inavyotakiwa, na ndani ya kijibomba chembamba cha moto mdogo buibui alikuwa amefuma akajaza, maana harufu ya gesi wanaipenda hao. Juu ya magogo ya bandia kulikuwa na vumbi la kuandikia jina.

Akaenda jikoni. Oveni ilikuwa wazi kidogo, na miguu minne yenye soksi za sufu ilikuwa mbele yake.

"Moto wenu umekufa lini?"

Wazee wakaangaliana.

"Ulikuwa umekufa?" akauliza Aili.

Glenda akarudi, akautoa utando kwa brashi nyembamba, akapuliza, akafuta kioo, akabadilisha betri za kengele, akawasha. Ukawaka safi, bluu chini, njano juu, bila mtu wa kuuota. Alikuwa bado amelala pale kifudifudi akiuangalia Toivo alipopaza sauti kutoka jikoni.

"Fundi! Ukimaliza kukaa na huo moto njoo huku, sitaki kurudia hadithi mara mbili."