Rogathe na Mnunuzi wa Sanamu

Yusto alikuwa kaka yangu, tumbo moja, na simsitiri. Mtaniambia marehemu hasemwi vibaya. Basi zibeni masikio, maana mimi Eliwaza namsema.

Mkewe aliitwa Rogathe, binti wa mzee Aminieli wa Ngujini. Aliolewa kwetu Shighatini miaka ile ya Mwingereza, muda mfupi kabla ya vurugu la mbiru, kodi ile watu wa milima yetu waliyoikataa. Mwanamke mpole, mchapakazi, hajui kununa. Alizaa mtoto mmoja tu, wa kike, akamwita Eliaichi. Mtoto akatambaa, akaanza kusimama kwa kushika kigoda, kisha surua ikamchukua. Rogathe hakushika mimba tena.

Mzee Aminieli alikuwa mchonga vinu na mizinga ya nyuki. Aliposikia binti yake anazunguka shambani amekumbatia nguo tupu, alichonga kisanamu cha mti wa mringaringa, kichwa cha mviringo, kitumbo kimetokeza kama kile cha Eliaichi. Akapanda nacho mwenyewe mpaka kwetu, akamwekea mapajani.

"Shika hiki, mama," akamwambia bintiye. "Shika mpaka mikono itulie."

Rogathe akakivisha kitambaa cha mtoto, na kila alipojipaka mafuta ya nyonyo, nacho alikipaka. Kukiomba hakukiomba hata siku moja. Jumapili yuko kanisani, anaimba kuliko sisi sote. Alikificha darini ndani ya tunga la maharage kwa kuogopa wazee wa kanisa wasije wakasema anatunza mizimu. Waliojua ni mimi na mumewe.

Sasa, kule chini upande wa Kifaru palikuwa na shamba la mkonge, na meneja wake Mzungu alikuwa na ugonjwa wa vinyago. Tulimwita Bwana Sanamu. Alipanda milima yetu kutafuta vitu vya kale: vigoda, vifuniko vya vibuyu vya dawa vyenye vichwa vya watu, sanamu ambazo wazee walizificha walipobatizwa. Akishanunua, anavipeleka Same, vinapakiwa treni, vinakwenda kwao. Alichotaka ni kitu kilichoshikwa na watu mpaka kikang'aa. Kipya alikitupa.

Siku moja vijana wa jirani yetu walikuwa wanamuuzia sanamu ya bibi yao. Mzungu anakunja uso, anainusa, "Hii mpya, hii napikwa moshi tu." Mara bibi mwenyewe akatoka ndani, akaona, akaangua kilio, akaing'ang'ania.  Mzungu akamtazama yule bibi anavyolia, akatoa pesa bila kubishana tena. "Mama nalia," alisema, "basi hii ya kweli."

Kaka yangu alikuwepo pale, macho yamemtoka pima.

Kuanzia hapo Yusto akawa fundi. Anachonga mti wowote laini, anapaka masizi na mafuta, anatundika juu ya meko unapigwa na moshi wiki nzima. Kazi ya Rogathe ilikuwa kulia. Mzungu akifika, yeye atoke jikoni, aone "sanamu ya mababu" inauzwa, aangue kilio. Mwanzoni alishindwa, akasimama tu anatazama chini. Yusto akamvuta pembeni, nami namsikia kwa masikio yangu haya:

"Mfikirie Eliaichi. Yatakuja yenyewe."

Yakaja. Jamani, yalikuja! Kila sanamu ya uongo iliyotoka kwenye boma lile ilitolewa kwa kilio cha kumlilia mtoto yule. Nikamwambia kaka yangu, "Yusto, huna haya?" Akacheka. "Dada, machozi si alikuwa anayamwaga bure kila siku? Sasa yana faida." Akaezeka nyumba bati, akanunua koti. Akawa anatembea kwa kuyumbisha mabega kama jumbe.

Basi siku yenyewe ilikuwa siku ya msaragambo. Kijiji kizima tulikwenda kuzibua tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, isipokuwa Yusto aliyesema kiuno kinamuuma. Mimi na wifi yangu tukarudi na majembe mabegani, tope mpaka magotini. Tukamkuta Bwana Sanamu amekaa kigodani uani. Yusto alikuwa amemwahidi kitu cha kale sana, lakini kile alichokitundika mekoni kilikuwa cha mti mbichi, kikapasuka katikati. Kwa hiyo alikuwa amepanda darini.

Mimi nilikiona kitambaa kwanza. Kitambaa cha Eliaichi, na kisanamu ndani yake, mkononi mwa Mzungu.

Rogathe alinishika mkono, kucha zikaniingia. Akaelewa alichofanyiwa, nami nikaelewa anachokiwaza. Akilia, kinakwenda. Akitaka kibaki, asilie. Nikamsikia anajikaza, anajikaza, kisha, Mungu wangu, akacheka.

"Loo, Yusto! Hata hicho cha juzi unamuuzia Bwana? Si ungesubiri kikauke!"

Mzungu akamkagua uso. "Mama hapana lia?"

"Nilie kwa sababu ya kipande cha kuni, Bwana?"

Mzungu akakigeuza, akamtazama Yusto kwa hasira, akakitupa chini vumbini. "Mwongo wewe." Akachukua kofia na fimbo yake, akaondoka. Rogathe hakukiokota. Alijua Mzungu bado hajafika mbali, akashika ufagio akaanza kufagia upande wa pili, anaendelea kucheka peke yake. Nilitaka kupiga vigelegele. Wifi yangu ameshinda, nikasema moyoni. Ameshinda!

Yusto akainama, akakiokota.

"Kuni, eh?" akasema. "Kuni mahali pake ni jikoni."

Akaingia kwa hatua mbili akakitupa katikati ya moto.

Ukelele alioutoa Rogathe sijausikia tena, wala nisiusikie. Aliingiza mikono yote miwili motoni, Yusto akamdaka kiunoni akamvuta nyuma. Nilikimbilia maji. Nikiwa natoka mtungini na kata imejaa, Mzungu huyo amerudi mbio kutoka migombani, amekisikia kilio. Akakitoa kwa fimbo, akaninyang'anya kata, akakimwagia maji. Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Uso wa kisanamu ulikuwa umeungua upande mmoja. Mzungu akamtazama Rogathe anavyogaagaa, akamtazama vizuri kabisa, uso wake ukachangamka.

"Hii," akasema. "Hii ya kweli."

Rogathe akamshika viatu. Mikono imejaa malengelenge. Kiswahili kilikuwa kimemtoka kichwani, akawa anasema Kigweno tu: huyo ni mwanangu, niachie mwanangu.

"Nasema nini?" Mzungu akamuuliza Yusto.

Na kaka yangu, tumbo moja, akajibu, "Anasema ahsante, Bwana."

Akalipwa mara mbili ya siku zote. Nami nilimtemea mate miguuni, na toka siku ile sikula kwake.

Aliendelea kuchonga. Lakini Mzungu akija, Rogathe anasimama kando, macho makavu. Yusto akamwambia mfikirie Eliaichi, wapi. Akampiga mateke nyuma ya nyumba ili atoke analia. Akatoka anachechemea, macho makavu vilevile. Mzungu akaacha kuja, pesa ikakata.

Miaka ikapita, Yusto akafa kwa kifua. Siku ya mazishi wanawake wamejaa, kila mtu analia, Rogathe ameketi mkekani na mikono yake ya makovu mapajani, kimya. Wakaanza kunong'ona: mchawi huyo, hata mumewe hamlilii! Nikamwinamia. "Wifi, lia hata kidogo. Watu wanakutazama."

Akanitazama kama mtu ninayemwuliza kitu asichokijua.

"Hapana, wifi," akasema. "Nikilia watakuja kununua."

Nikawafokea wale wanawake wamwache. Kisha mimi ndiye niliyelia, nikalia mpaka sauti ikakauka, na haikuwa kwa ajili ya kaka yangu.