Rede ya Kupiga Magoti

Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya, mji ulijaa wageni, na shule yetu ikapata mwalimu wa kike kutoka mbali, mwenye huruma kupita kiasi. Watu watanishangaa nikisema hivi, lakini huruma yake ilinitenga na wenzangu kuliko mguu wangu.

Mguu wa kulia ulipooza nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilitembea kwa fimbo aliyonichongea baba kabla hatujahama Mbulu kuja Nakwa, pembeni mwa Babati. Wakati wa mapumziko kazi yangu ilikuwa kulinda masweta. Asubuhi kulikuwa na baridi, lakini ikifika saa nne jua limeshakolea, wasichana wanavua masweta, wananitupia mapajani na kukimbilia rede. Nilijua sweta la kila mmoja kwa harufu: moshi, mafuta ya kujipaka, maziwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka kucheza.

Rede yenyewe ni rahisi. Wapigaji wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi kuukuu. Walio katikati wanaukwepa huku wakijaza mchanga kwenye chupa. Ukiguswa na mpira umekufa, unatoka. Chupa ikijaa kabla wote hawajafa, mmeshinda.

Siku moja mwalimu aliniona na masweta yangu, akaja juu. Akawakusanya wasichana.

"Kuanzia leo mwenzenu atacheza. Na ole wake atakayempiga na mpira. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Nikaingia katikati, moyo ukinidunda kwa furaha. Niliketi kando ya chupa nikaanza kujaza. Wenzangu waliruka, walipiga kelele, wakafa mmoja mmoja. Mpira ulipita kulia kwangu, ukapita kushoto, ukapita juu ya kichwa. Nikajaza chupa hadi mdomoni, nikainyanyua. Hakuna aliyeshangilia. Ikawa hivyo kila siku. Timu niliyokuwamo haikushindwa, basi wakaanza kunigombania, kisha wakaninunia. Zamani nilikuwa peke yangu pembeni. Sasa nilikuwa peke yangu katikati, mbele ya watu wote, na afadhali hata ya masweta.

Nikamfuata mpigaji hodari kuliko wote, msichana ambaye baba yake alikuwa amehamishiwa ofisi za mkoa.

"Kesho nipige," nikamwambia.

"We! Unataka nichapwe?"

"Kesho walimu wana kikao."

Akanitazama mguu bila kuficha. "Lakini hukimbii. Nikirusha tu, umekufa. Sasa raha iko wapi hapo?"

Nilimpenda kwa swali hilo. Tuliketi nyuma ya darasa tukapatana: anayenilenga mimi apige magoti kwanza, ili mpira usije kwa nguvu na mimi nipate nafasi ya kujisogeza. Na fimbo yangu isihesabiwe mwili, mpira ukiigonga sijafa.

"Fimbo ndefu hivyo? Unatuibia!"

"Basi tubadilishane. Chukua fimbo, nipe mguu."

Alicheka hadi akajishika tumbo.

Kesho yake alipiga magoti vumbini, akanilenga. Mpira wa kwanza niliupiga kwa fimbo ukaruka hadi vyooni, wasichana wakapiga yowe. Uliofuata niliukwepa kwa kujiangusha. Kisha ukaja mwingine, ukanipata shavuni, pwaa!

"Umekufa! Toka! Toka!"

Walipiga kelele wote, bila huruma hata chembe. Nikatoka. Nilisimama na wenzangu waliokufa, bega kwa bega, tukimzomea mpigaji pamoja. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile tena.

Jioni mama aliona shavu limevimba.

"Nani kakufanya hivi?"

"Tulikuwa tunacheza, mama."

"Wanampiga mtoto mlemavu, halafu unaniambia mnacheza?"

Asubuhi alijifunga kanga yake nzuri, akanishika mkono hadi shuleni. Mwalimu alimsikiliza huku machozi yakimlengalenga. Wasichana wakaulizwa, mpigaji akatajwa, akaitwa mbele. Nilipaza sauti kwamba mimi ndiye niliyemwomba, kwamba tulikuwa na sheria zetu, kwamba alipiga magoti kwanza. Mwalimu akanipapasa kichwa.

"Usiogope, mwanangu. Huna haja ya kuwatetea."

Mwenzangu akachapwa viboko vya mikono mbele yangu. Hakulia, wala hakuniangalia.

Wakati wa mapumziko hakuna aliyenikataza kucheza. Niliketi kando ya chupa kama kawaida. Mpigaji aliushika mpira kwa mikono yake iliyovimba, akaniangalia kidogo, kisha akaurusha mbali nami. Nikaendelea kujaza mchanga. Kila baada ya muda nililibonyeza shavu langu kwa kidole kuona kama bado linauma, nikiomba lisipone haraka.