Barua ya Maziko Ambayo Paskazia Hakuiandika

Saa nane kasoro dakika chache mchana, fundi wa karasha, mashine ya kusagia mawe, anazima injini ipoe. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, watu wa machimbo wanayoyaita Namba Tisa, kilomita chache kutoka Kharumwa wilayani Nyang'hwale, wanaweza kusikilizana bila kupayuka.

Paskazia Mageni anaweka nyundo chini, anajifuta vumbi la mawe kwa ncha ya kanga na kuinuka kwa kujisukuma na mikono miwili, maana magoti siku hizi hayamtii. "Mwadila," anawasalimu wenzake kwa Kisukuma. Wanawake wagonga mawe kama kumi hivi wanaitikia na kusogea karibu. Wachimbaji wanne wanakuja na matope yao miguuni. Muuza wali, ambaye ni Mwislamu, anafunika sufuria na kukaa kimya kwa heshima, ingawa mwenyewe anatania kwamba anawasubiri tu wateja wake wamalize.

Wanasali robo saa. Hakuna daftari la mahudhurio, wala hakuna anayeulizwa jana alikuwa wapi. Injini ikinguruma tena, kila mtu anarudi kwenye mawe yake.

Ukimwona hivi, unaweza kudhani mama huyu wa miaka 58 alizaliwa na upole wake. Ukimwambia hivyo anacheka, kicheko kifupi kisicho na raha.

"Waulize wa kule kijijini," anasema. "Mimi nilikuwa moto."

Na kweli alikuwa moto. Kwa miaka kumi na mmoja, Paskazia, au Mama Vumilia kama majirani wanavyomwita kwa jina la bintiye, alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika. Hiyo ni jumuiya ndogo ya Kikatoliki, nyumba za majirani zinazosali pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Walikutana kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na aliyefika saa kumi na mbili na robo alisalimiwa kwa jicho ambalo hakulisahau mpaka Jumamosi iliyofuata.

Cheo hicho kinaonekana kidogo mpaka mtu afe. Hapo ndipo mwenyekiti anapoketi na kumwandikia katekista barua kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa akisali na wenzake. Huko kwao, pasipo barua hiyo katekista haendi makaburini, na marehemu anazikwa na watu wake tu, bila sala za Kanisa.

Mwaka 2019 dhahabu ilionekana kwenye mashamba ya jirani. Kabla mwaka haujaisha, penye mihogo palisimama gesti za mabati, vilabu vya pombe na vibanda vya waganga wanaowaoshea nyota wachimbaji kabla hawajashuka shimoni. Watu wa jumuiya nao hawakubaki nyuma. Nyumba arobaini zilizokuwa zikisali zikabaki kumi na tatu.

Paskazia alikasirika, na hasira ile aliiita imani. Aliamini kwamba dunia ikiyumba, mtu wa Mungu anatakiwa ashike palepale alipokuwa ameshika, asilegeze hata kidole. Akaongeza ukali. Kila Jumamosi akafungua daftari lake, akaita majina, na asiyeitika akachorewa msalaba kwa kalamu nyekundu.

Mmoja wa waliochorewa sana alikuwa Donatus, mchimbaji kutoka pande za Biharamulo, aliyehamia hapo mwanzoni mwa mwaka 2021 na mkewe Scolastika na mtoto mchanga. Donatus alikuja jumuiya mara mbili, akakaa nyuma. Baada ya hapo hakuonekana tena. Scolastika alikuja kila wiki na udhuru uleule, kwamba mumewe huingia shimoni Ijumaa jioni na kutoka Jumamosi mchana, na shifti hiyo hakuipanga yeye bali mwenye duara, yaani mmiliki wa shimo.

Jumamosi moja mwenyekiti alichoka kuusikia udhuru huo. Akamjibu mbele ya wote: "Mwambie mumeo Mungu hana shifti."

Watu walicheka. Paskazia mwenyewe alilipenda jibu lake, akalirudia kwa wiki kadhaa kila alipopata nafasi. Leo akilitaja anainamisha uso, anaokota kijiwe na kukigeuza-geuza mkononi bila kukitazama.

Machi 2022, mvua zikiwa zimekolea, duara la kina Donatus lilititia. Wenzake walifukua kwa siku mbili. Walipomfikia alikuwa ameshafariki.

Scolastika alikwenda kwa mwenyekiti kuomba barua. Paskazia anaikumbuka asubuhi hiyo hatua kwa hatua. Alimpa pole, akaomboleza naye, akaingia ndani, akatoka na daftari. Akalifungua na kuhesabu mbele ya mjane. Miezi kumi na minne, mahudhurio mawili.

"Nikamwambia, binti yangu, mimi nitaandika nini? Niandike uongo?" anasimulia. "Yeye hakubishana na mimi. Aliniambia tu, mama, mume wangu alikuwa anasali. Nikamjibu kwamba kila mke husema hivyo."

Wazee wawili wa jumuiya walimfuata wakamsihi angalau amwonee huruma mwanamke mgeni, asiye na ndugu hapo. Akawajibu kwamba akilegeza kwa mmoja, hata zile nyumba kumi na tatu zitakimbilia mashimoni. Alishika msimamo. Katekista alibaki nyumbani kwake, na Donatus akazikwa na wachimbaji wenzake nyuma ya machimbo, kwa Baba Yetu moja iliyosemwa na Marwa, kijana wa Tarime ambaye hata Mkatoliki si.

Wiki hiyohiyo Scolastika alifunga mizigo yake, akaondoka na mwanawe. Hakumuaga mwenyekiti.

Paskazia alilala usingizi wake bila wasiwasi. Hilo ndilo linalomuuma kuliko yote. Anasema kama angesutwa na roho siku ileile, angepata hata pa kujitetea mbele za Mungu. Alilala, akaamka, akasali, akaenda shambani.

Mambo yalimgeukia mwaka uliofuata. Mumewe, Mzee Boaz, alipata kiharusi kilichompoozesha upande mzima. Ekari zao tatu za pamba, bila mikono yake, zikatoa mavuno ya kulilia. Dawa zilihitajika kila mwezi, na binti yao Vumilia ameolewa mbali na ana shida zake. Mwenyekiti aliyekuwa akiyasema vibaya machimbo kila Jumamosi akafunga kanga kiunoni, akanunua nyundo na kwenda kugonga mawe Namba Tisa.

Kazi ni kuyapasua mawe yanayotoka mashimoni mpaka yawe madogo ya kuingia kwenye karasha. Ndoo moja ni shilingi elfu moja, na mwenye nguvu anafikisha ndoo sita kwa siku. Yeye anafikisha nne, siku mkono ukikubali. Lori la mawe ya mwenye duara hushusha mzigo Jumamosi alfajiri, na asiyekuwepo wakati wa kugawana chungu za mawe hana kazi mpaka Jumatatu.

Msomaji ameshaona linapoelekea. Jumamosi ya kwanza Paskazia aliomba ruhusa kwa jumuiya yake. Ya pili pia. Kufikia ya tano aliacha kuomba, akamtuma jirani amsemee. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amejiuzulu uenyekiti, na mwenyekiti mpya, ambaye Paskazia mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, alikuwa akimchorea msalaba mwekundu.

"Nilikuwa nasali njiani, nasali nikigonga, nasali nikimgeuza mzee kitandani," anasema. "Sijawahi kumlilia Mungu kama miezi ile. Lakini kwa daftari lile, mimi nilikuwa mpagani."

Hata hivyo hakumkumbuka Donatus mpaka alipokumbushwa na Marwa. Marwa bado anachimba hapo. Siku moja wakati wa chakula alimsikia Paskazia akinung'unika kwamba amekosa jumuiya tena, akamwuliza kama jumuiya hiyo ndiyo ile ya saa kumi na mbili. Paskazia akasema ndiyo. Marwa akamwambia kwamba saa hiyo wote wa duara lao waliijua, maana Katekista alikuwa akiwasimamishia kazi.

Paskazia alidhani anataniwa. Katekista gani anashuka shimoni?

Ndipo akaambiwa. Donatus aliitega simu yake ndogo ya tochi ilie kila Jumamosi saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kule chini hakuna mtandao, lakini kengele ya simu inalia palepale. Ikilia aliweka nyundo chini, akatoa rozari mfukoni na kuanza. Mwanzoni wenzake walimcheka, kisha wakawa wanapumzika, kisha wakaanza kuitikia. Msimamizi wa shimo aliwahi kumkata posho ya siku nzima kwa kuchelewesha mzigo, na Jumamosi iliyofuata simu ikalia vilevile. Jina la Katekista walimpa kwa mzaha, likabaki.

"Alikuwa anatuambia, sasa hivi mke wangu yuko jumuiya, na mimi niko naye," anakumbuka Marwa. Kisha anaongeza, akikwepa macho ya mama: "Mimi ni Msabato, na nilikuwa nachimba Jumamosi. Kati yetu sote kule chini, wa kuchorewa msalaba nilikuwa mimi."

Paskazia hakumaliza chakula chake siku hiyo. Alikwenda nyuma ya machimbo, mahali alipokuwa hajawahi kukanyaga, akatafuta kaburi na kulipata kwa kuelekezwa. Lilikuwa chungu ya udongo yenye mawe manne, imeota nyasi. Alikaa hapo mpaka wenzake walipomfuata.

"Watu walinisifu kwa kusimama imara," anasema. "Ni kweli nilisimama. Sikuangalia nimemkanyaga nani."

Ni hapo alipokwenda kwa paroko, akasimulia kila kitu. Paroko alimpa ruhusa ya kuwakusanya watu wa machimboni wasali palepale, kwa saa inayowafaa. Wao walitaka awe mwenyekiti wao, alikataa katakata. Kuhusu Donatus, paroko alisema iko nafasi. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, hupita akibariki makaburi, na mwaka huu angefika na kwenye kaburi hilo, amsomee zile sala alizonyimwa. Ila alitaka mjane aridhie kwanza, kwa sababu marehemu ni wake.

Basi Paskazia amefanya safari mbili kwenda Shinyanga mjini, mtaa wa Ngokolo, ambako Scolastika anapika na kuuza chakula. Nauli ya kila safari imekula malipo ya wiki nzima ya kugonga mawe.

Mara ya kwanza Scolastika alimwamkia shikamoo, akamkaribisha kiti, akampa ugali na samaki, akakataa kulipwa. Paskazia alipofungua mdomo kusema kilichomleta, mwenyeji wake akainuka kuwahudumia wateja. Ikawa hivyo mpaka basi la mwisho likakaribia kuondoka. Alirudi na maneno yake yote kifuani.

Mara ya pili, mwezi uliopita, alikwenda na barua. Aliiandika mwenyewe, kwa mkono, kwa maneno yaleyale ya barua za jumuiya: kwamba Donatus alikuwa Mkristo mwema, mwenye kusali na wenzake bila kukosa, na kwamba jumuiya inaomba azikwe kwa heshima zote za Kanisa. Chini alitia sahihi na tarehe ya siku ile ya Machi 2022. Kisha, kwa kuwa uongo bado unamtisha, akaikata tarehe hiyo na kuandika ya kweli.

Scolastika alifuta mikono, akaisoma mara mbili. Akaikunja, akamrudishia.

"Mama, alikokwenda hawakumwomba barua," alimwambia.

Hakulisema kwa ukali, anasema Paskazia, na lau angelisema kwa ukali, yeye Paskazia angejua afanye nini. Alipiga magoti palepale kati ya wateja, magoti yale yasiyomtii, akaomba msamaha. Scolastika alimwinua, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, mtu mzima hampigii magoti aliye mdogo kwake mbele ya watu. Lakini hakusema kwamba amemsamehe. Alisema kwamba yeye na mwanawe bado wanasali, ila nyumbani, kwa kuwa hajapata moyo wa kuandikwa jina kwenye jumuiya nyingine. Kuhusu sala za makaburini, aliuliza tarehe. Akatajiwa. Akainamisha kichwa kama mtu anayehesabu jambo lake, akarudi jikoni.

Tarehe hiyo haiko mbali. Wanawake wa Namba Tisa wamelipalilia kaburi, na Marwa amechonga msalaba wa mti wa mninga, ingawa anasisitiza kwamba hilo halimfanyi kuwa Mkatoliki. Paroko amekubali kufika, na amesema kwamba kwa kuwa mjane hakukataa, atakuja na vitabu vyake. Mengine wataamua hapohapo.

Paskazia ana ombi moja tu siku hiyo. Anataka asimame mbele ya watu wote, jumuiya ya zamani na ya sasa, aseme kwa sauti alichomfanyia Donatus, halafu ndipo sala zianze. Namwuliza itakuwaje ikiwa Scolastika hatatokea, na paroko ana makaburi mengine ya kubariki siku hiyohiyo.

Anailaza nyundo juu ya paja lake.

"Padri anaweza kuendelea na safari yake. Mimi nitabaki nikimsubiri Scolastika," anasema. "Asubuhi ile ya kuomba barua alifika kwangu kabla sijaamka. Alikaa mlangoni saa nzima, mtoto mgongoni, hakubisha hodi asije akanisumbua."