Hana Mpira, Unampigia Nini?

Nilicheza raga nikiwa sekondari kule Kakamega, na raga ina adabu moja ambayo ukishaizoea haikutoki: asiye na mpira haguswi. Kwa hiyo mwanangu alipojiunga na timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule yake hapa Minneapolis, kilichonishinda kuelewa ni kwamba kazi yake yote ilikuwa kuwagonga watu wasio na mpira. Anawafungulia wenzake njia. Anaweza kumaliza msimu bila kuushika mpira hata mara moja, na bado kocha akamsifu.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ndiye aliyenifundisha kuutazama mchezo huu. Ni dereva wa lori la mizigo, mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, na Jumapili akitoka kanisani hapitwi na mechi. Mke wangu ni muuguzi katika nyumba ya kuwatunza watu walioumia ubongo, kule Bloomington. Anawasaidia watu wazima kujifunza upya kushika kijiko. Alimruhusu kijana acheze, lakini kwa shingo upande.

Jumamosi moja mchana, majani yakiwa yameanza kupukutika, walicheza na shule ya upande wa Inver Grove Heights. Wapinzani waliupiga mpira kwa mguu ukapaa mbali, mchezaji mmoja wa timu yetu akaudaka na kuanza kukimbia kando ya mstari. Kijana wa upande wa pili alikuwa akimfukuza, macho yote kwenye mpira. Mwanangu, aliyekuwa ametangulia mbele, aligeuka akarudi mbio, akamvaa yule kijana ubavuni kwa bega. Yule hakumwona akija. Miguu yake iliachana na ardhi.

Jukwaa letu lilinyanyuka lote kwa shangwe. Shemeji alipiga makofi mpaka kahawa yake ikamwagika. Kisha tukaona refa amerusha kitambaa cha njano, maana yake kosa limefanyika, na kijana bado yuko chini.

Mke wangu hakusimama. Alikaa ameshika magoti, akiitazama mikono ya yule mtoto wa watu.

"Vidole vinacheza," alisema polepole.

Baadaye walimwinua, watu wawili wakamshika huku na huku. Alipoanza kutembea alielekea kwenye benchi la timu yetu. Wakamgeuza taratibu.

Jioni hiyo ugali ulipoa mezani.

"Zamani kipigo kama kile wangekirudia kwenye televisheni wiki nzima," shemeji alisema. "Siku hizi kila kitu kosa. Mwishowe watawafunga watoto mito wacheze karata."

"Nina mgonjwa mmoja wa hiyo zamani yako," mke wangu akamjibu. "Kila asubuhi namwambia jina langu."

Mwanangu alikuwa anakorogakoroga sukuma wiki. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na usiku ule alituelezea sheria kwa sauti ya chini. Kumzuia mtu si kosa. Kosa ni kumvamia kwa bega, ukitokea upande asioutazama. Ukitanguliza mikono iliyo wazi na kumsukuma, refa hana neno. Sheria anaijua. Ila mbio zile, alisema, bega lilitangulia kabla hajafikiri.

"Lakini hana mpira," nikamwambia. "Unampigia nini?"

"Baba, nisipomzuia atamkamata mwenzangu. Ndiyo kazi niliyopewa. Na yeye pia alipaswa kugeuza kichwa."



Kesho yake baada ya kanisa shemeji alikuja tena na ubishi wake. Mke wangu akatutoa wote nje, nyuma ya nyumba. Alinipa mimi mpira, akamwambia kaka yake asimame katikati ya nyasi anitazame mimi tu.

"Mjomba wako atasimama hapo," akamwambia kijana. "Wewe utatokea upande wowote, wakati wowote, umzuie kwa mikono wazi. Bila bega."

Shemeji alicheka, akasimama. Nikaanza kutembea na mpira. Kijana alizungukia nyuma ya gari. Nikatembea, nikatembea, na shemeji akaanza kutupa jicho kulia, mara kushoto. Mabega yalikuwa yamempanda mpaka masikioni.

"Kaka, mbona hutazami mpira?"

"Nataka kujua anakuja lini."

Kijana alipotokea na kumsukuma kifuani kwa viganja, shemeji alirudi nyuma hatua chache tu, akabaki wima, lakini hakucheka tena. Aliingia ndani akanywa maji.

Katikati ya wiki tulikwenda Inver Grove Heights, baada ya kupiga simu na kukubaliwa. Baba wa yule kijana, Mmarekani mrefu mwenye goti bovu, alitufungulia mlango. Sebule ilikuwa na mapazia yaliyofungwa kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza mtoto. Mwanangu alisimama mbele yake, kofia mkononi, akaomba msamaha kwa maneno machache. Yule kijana alimsikiliza, kisha akauliza jambo moja:

"Mwenzako alifunga?"

"Alifunga, ila ilifutwa. Kwa sababu yangu."

Kijana akatabasamu, akashika kichwa kwa maumivu.

Baba yake alitusindikiza hadi garini. Alisema enzi zake walifundishwa kugonga hivyo, na yeye mwenyewe aligonga wengi, na hakuwahi kwenda kumwona hata mmoja. Alisema bado hapendi marefa wa siku hizi wanavyokatiza mchezo. Halafu akatazama dirisha lenye pazia, nami nikampa mkono.

Kijana wake hakurudi uwanjani msimu ule. Wangu alirudi. Katika mechi ya mwisho alikutana na nafasi kama ile ile, akatanguliza mikono; mpinzani akamponyoka, akamkamata mwenye mpira, na kocha akampigia kelele akamweka benchi. Shemeji, karibu yangu, alifungua kinywa kama anayetaka kulalamika, kisha akakifunga.

Tulipokuwa tukirudi, mwanangu aliegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. Nilimuuliza kama amekasirika.

"Kidogo," akasema, kwa Kiswahili. "Nilikuwa nimemfikia kabisa."

Mama yake, aliyekuwa kiti cha nyuma, alinyoosha mkono akamshika bega, akauacha hapo mpaka tukafika nyumbani.