Dakika Nne za Kupatwa kwa Jua

Siku ya kwanza kazini, pale Moshi mjini, Msimamizi wa Mitambo alinikabidhi mkanda wa kupandia na koleo. "Kidato cha nne, eh? Basi wewe panda, wenzako watasoma." Nikapanda. Kwanza milingoti ya redio ya mji wa Mkuu, kule Rombo, halafu Kilema, kwenye kituo kidogo cha kusikiliza jua, nikazeekea huko. Magoti yangu yanakumbuka kila nguzo.

Vijana mnacheka, jua linasikilizwaje? Linatoa mawimbi ya redio kama linavyotoa mwanga. Antena inayapokea, kompyuta inachora mstari. Jua likipatwa, mwezi unafunika sehemu zenye mawimbi makali, moja moja, na mstari unayumbayumba. Kuyumba huko ndiko tulikokutafuta. Makao makuu walishasema: bila matokeo safari hii, kituo kinafungwa.

Adui yetu ni mota. Cheche zake nazo huingia kwenye antena. Nikazunguka migombani kuwaomba majirani wasiwashe mashine asubuhi ile. Wakakubali.

Jua limeliwa nusu, mimi naizungusha antena kwa mkono ilifuate, akaja Mama Ndeshi, jirani yetu, kiganja kimefungwa bandeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, ng'ombe kazaa alfajiri, analia njaa, na panga siwezi kushika. Niwashe mashine ya kukatia majani kidogo? Au jua lenu litanuna?"

Antena nisingeweza kuiacha nikamkatie majani. Nikamhurumia. "Dakika nne tu, mama."

Mara Mkuu wa Kituo akapiga kelele ndani. "Fundi! Linayumba! Tumepona!"

Jua lilipofunguka nikaingia, nikamkuta anacheka peke yake mbele ya kompyuta. Ningeweza kunyamaza.

"Mkuu, hilo siyo jua. Ni mashine ya majani. Niliruhusu mimi."

Akaacha kucheka. "Dakika ngapi?"

"Nne."

Akaziwekea alama nyekundu, akaandika pembeni: mota ya jirani. Mstari uliobaki ulishuka na kupanda taratibu, bila kuyumba, basi. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Ng'ombe amekula?"

"Amekula, Mkuu."

Kituo kilifungwa, nami nikastaafu. Najuta kuruhusu. Ila kukiri sijuti; nilishamkosea Mkuu mara moja, ya pili ningeibebaje na magoti haya?

Siku ninaishusha antena, Mama Ndeshi alisimama ng'ambo ya uzio wa mimea ya masale.

"Mnaondoka? Jua limewashinda?"

"Limetushinda, mama."