Mke wa Potifa Aliitwa Nani?

Wapo watu ambao harufu ya chungwa huwatia hamu ya kula. Mimi hunitia aibu kidogo, kisha kicheko, na kwa kawaida hunikuta mahali pasipofaa, kama siku ile mwenzangu mmoja alipotoa chungwa kwenye mkoba wake katikati ya kikao cha idara, nikaanza kucheka peke yangu kama mgonjwa. Harufu hiyo hunirudisha Kariakoo, uwani kwa Bi Rukia, katika nyumba ya vyumba sita ambamo mimi na mama yangu tulipanga viwili. Mama alikuwa Mchaga, Mlutheri wa kuzaliwa, mwenye duka la vitenge mtaa wa pili. Bi Rukia, mwenye nyumba, alikuwa mjane wa Kizaramo aliyezaliwa humo humo ndani, na kila alasiri alitandika mkeka chini ya kamba za nguo akamenya machungwa ya kuuza barazani. Nilikuwa na miaka tisa. Nikitoka shule nilitupa mkoba, nikamwamkia, nikaketi ubavuni pake. Ganda lilitoka utepe mmoja mrefu usiokatika, na hadithi ilitoka vivyo hivyo.

Hadithi zake zilikuwa za manabii. Kulikuwa na Nuhu na safina yake, Musa na fimbo yake, Yunus ndani ya tumbo la samaki. Wote niliwafahamu. Walikuwa watu wa kanisani kwetu, ila huku uwani walikuwa wamebadilisha nguo na kuongeza maneno. Niliyempenda kuliko wote ni Yusufu, au tuseme nilimpenda yule mwanamke wa Misri aliyemtaka Yusufu, mtumwa wa nyumbani kwake, kwa nguvu. Bi Rukia alimwita Zulekha. Wanawake wa mjini walipomsengenya, Zulekha aliwaalika kwake, akampa kila mmoja chungwa na kisu, kisha akamwambia Yusufu apite mbele yao. Kwa uzuri wa yule kijana, wageni walijikata vidole wakidhani wanamenya machungwa. Hapo Bi Rukia alisimamisha kisu hewani, akatoa macho, akasema, "Damu hiyo, mjukuu wangu! Na hakuna aliyesema hata 'uwi'!" Nami nilitazama vidole vyake kila mara, kwa hofu na matumaini.

Mwaka huo usharika wetu ulishindana na usharika wa jirani katika maswali ya Biblia kwa watoto. Zawadi ilikuwa Biblia yenye zipu. Vijana wa leo hawawezi kuelewa zipu ile ilimaanisha nini. Ilikuwa kama kumiliki gari. Mama alikuwa ameshawatangazia wenye maduka wote wa mtaa wake kwamba Manka wake, yaani mimi, ataileta nyumbani, na alinishonea gauni la kitenge lenye mabega makubwa kiasi kwamba nilipita mlangoni kwa ubavu. Tulifika swali la mwisho tukiwa sawa kwa sawa. Kila upande ulikuwa na kengele ya baiskeli iliyofungwa mezani, na anayejua alipiga kengele. Mwalimu wa shule ya Jumapili, mwanamume mrefu aliyeamini kwamba mtoto asiyekosea hajifunzi, alituinamia akauliza, "Mke wa Potifa, yule aliyemsingizia Yusufu, aliitwa nani?"

Nilipiga kengele hadi ikalegea. "Zulekha!"

Ukumbi mzima ulicheka. Mtu mwenye busara angeketi. Mimi, kwa tabia ambayo baadaye ilinipatia shahada tatu na marafiki wachache, nilianza kutetea hoja. Nikaeleza machungwa. Nikaeleza visu. Nikaonyesha kwa vidole vyangu jinsi damu ilivyotoka.

"Machungwa?" Mwalimu aliuliza. "Hayo yameandikwa wapi?"

"Uwani kwetu," nikajibu.

Nasikia kuna mzee wa kanisa aliyelazimika kutoka nje. Ukumbi ulipotulia, msichana mwembamba wa upande wa pili aligusa kengele yake, akasema kwa upole, "Hajatajwa." Ndilo lilikuwa jibu. Biblia haimpi jina yule mwanamke; swali lilikuwa la mtego. Zipu ikaenda zake usharika wa jirani.

Tulirudi kwa miguu, tukakatiza Mnazi Mmoja, mabega yangu ya kitenge yakiwa yamelala. Karibu na nyumbani Mama alisema, "Kuanzia leo hukanyagi ule mkeka. Na mwisho wa mwezi tunahama." Biblia ya zipu nilikuwa nimeshaisahau. Nilichokiona mbele yangu ni alasiri zote za maisha yangu, nimefungiwa chumbani, nikisikia hadithi ikiendelea upande wa pili wa ukuta bila mimi.

Mama alikwenda moja kwa moja uwani, nami nyuma yake nikilia. Lakini alikuwa mwanamke aliyelelewa vizuri, na hilo lilimponza.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Za kanisani?"

Ni vigumu sana kugombana na mtu uliyemwamkia sekunde mbili zilizopita. Mama alijitahidi. "Si nzuri. Umemharibia mtoto Biblia yake."

"Mie? Hata kuishika sijaishika."

"Umemwambia mke wa Potifa anaitwa Zulekha!"

"Kwani si ndilo jina lake?"

"Hana jina! Hajatajwa!"

Bi Rukia aliweka kisu chini. Sijawahi kumwona mtu akisikitika vile kwa niaba ya dini nyingine. "Mwanamke afanye vituko vyote vile, mji mzima umseme, halafu nyie hata jina hamkumpa? Sasa huwa mnamsengenyaje, Mama Manka?"

Mama alikuwa mwanamke wa sokoni; alijua uzito wa swali lile. Akauliza, bila ukali sana, "Na hayo machungwa ni ya nini?"

"Huyajui ya machungwa? Kaa."

"Sikai."

Hadithi ilipoanza alikuwa amesimama. Wanawake walipoalikwa alikuwa ameegemea nguzo. Visu vilipogawiwa alikuwa juu ya mkeka na chungwa mkononi. "Hee! Na wasisikie maumivu?" aliuliza. "Watayasikia saa ngapi," Bi Rukia akajibu, "na kijana kasimama pale?" Mama alicheka hadi kilemba chake cha kanisani kikaanguka kwenye maganda. Kisha akanigeukia na kutoa hukumu. "Utakuja kwa Bibi kama kawaida. Ila utaandika kwenye daftari. Upande huu ya kwetu, upande huu ya Bibi. Ukichanganya tena nitakuchapa." Habari ya kuhama haikutajwa tena.

Daftari hilo ndilo kazi yangu ya kwanza ya kitaalamu, na sina hakika kama nyingine zimelipita. Miaka mingi baadaye, chuoni, nikisoma masimulizi ya kale ambayo marabi wa Kiyahudi waliyaongeza juu ya habari za Yusufu, niliwakuta wanawake wale wale wa Misri wameketi, wana visu, wana matunda ya jamii ya ndimu, wanajikata. Nilicheka kwa sauti maktabani nikatolewa nje. Wasomi bado wanabishana nani alimsimulia nani kwanza, na hadithi ilipitaje hadi ikaingia kwenye tenzi za pwani yetu. Nami nabishana nao, nalipwa kwa hilo. Wenzangu huliita jambo hili mwingiliano wa matini. Mama aliliita kuchanganya.

Nyumba ya Bi Rukia sasa ni ghorofa, na pale palipokuwa na mkeka panauzwa makava ya simu yenye harufu ya plastiki mpya. Bi Rukia tulimzika zamani. Mama amezeeka, anaongoza mafundisho ya kina mama usharikani, na nimemsikia kwa masikio yangu akimtaja Zulekha bila kupepesa macho, na hakuna anayethubutu kumsahihisha. Juzi tulikuwa tukimenya machungwa tukakumbuka siku ya zipu. Nikamuuliza yule Mwalimu aliyenikosesha aliitwa nani. Mama alifikiri sana. Alikumbuka tai yake, alikumbuka kengele za baiskeli, alimkumbuka hata yule mzee aliyetoka nje. Jina, hapana. Mimi pia nilitafuta kichwani nikakosa.

"Basi," alisema Mama, akinyoosha utepe wa ganda ambao haukukatika. "Hajatajwa."